Suruali Iliyoruka Ua

Upepo wa Punta Arenas haubishi hodi.
Hung'oa bati, hupora kofia,
na wiki ile niliyohamia
ukaivua suruali yako kwenye kamba
ukaniletea uani, miguu yote hewani,
kama mtu anayeruka ua akimkimbia mdai wake.

Ukaja nyuma yake, taulo kiunoni:
"Samahani, jirani. Suruali yangu imefika salama?
Haijakusumbua kwa kuomba chai?"
Mwaka mzima sikuwa nimecheka.
Siku hiyo nilishika kizingiti nisianguke.

Nolberto Barría, mkata manyoya mstaafu,
viganja laini kama vya kichanga
kwa miaka arobaini ya mafuta ya kondoo,
sauti kama jembe juu ya changarawe:
uliubandua ubao mmoja wa ua wetu
ukaapa kwamba ni upepo.
Misumari uliificha mfukoni;
niliisikia ikilia ulipotembea.

Penye pengo lile palipita kila kitu:
mkate ungali moto, kuni, mkasi, umbeya,
paka wako asiye na adabu,
na chupa ya jamu ya kalafate
iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu:
DAWA YA HASIRA. KIJIKO KIMOJA TU.

Theluji ya Julai ilipoziba milango
ulianza kufukua kwangu.
"Koleo limepotea njia," ulisema,
kisha ukanitupia bonge la theluji shingoni
nisipate nafasi ya kushukuru.

Ijumaa, karata. Truko, wanne mezani.
Kukonyeza ni karata hii, kuuma mdomo ni ile,
lakini wewe uso mzima ulikuwa soko:
nyusi zikipanda, pua ikicheza,
sikio, naapa, likitikisika,
nami mwenzako nisijue lipi ni ishara, lipi ni mbwembwe.
Tulifungwa kila wiki.
Sijawahi kufungwa kwa raha vile.

Usiku mama alipokuwa akikata roho chumbani
hukuleta mzaha, hukuleta hata pole.
Uliketi jikoni ukamenya viazi.
Gunia zima.
Kulipokucha tulikuwa na viazi vingi kuliko waombolezaji,
nikajua kwamba kuna mtu hakulala.

Agosti, Yasna binti yako akanipigia simu.
Kutoka hapo, ng'ambo ya ubao mmoja.
Moyo, alisema. Hakuweza kulivuka pengo.
Nikavuka mimi.

Nilikutazama jenezani kupita adabu,
nikingoja jicho moja likonyeze.
Uso uliotulia hivyo haukuwa wako;
wewe hata usingizini ulikuwa ukiiba karata.

Na kwenye kona ile ya kamba,
zile tufungiwazo tujishikilie siku za dhoruba,
mkono mmoja kambani, mwingine kwenye jeneza,
upepo ukampokonya padri karatasi, sala ikiwa nusu.
Ikapaa, ikavuka mabati mekundu, ikaelekea mlangobahari.
Padri akaduwaa. Akasema tu, "Amina."
Akacheka Yasna kwanza, kisha sisi sote,
machozi yakikimbilia masikioni
badala ya kushuka.

Sasa Yasna ananiuliza kama azibe ua.
Nimemjibu: misumari aliondoka nayo baba yako.

Leo nimeanika suruali yangu kwa kibanio kimoja.
Sijui kwa nini. Upepo umeishika pindo,
umeivuta, umeiachia, umekwenda kusumbua mabati.
Nikaingia ndani, nikapaka mkate jamu
kwa sababu ya fundi bomba, ambaye hakuja tena.

Chupa imebaki vijiko viwili.
Nakasirika kwa uangalifu.